Mguu unauma, lakini tupime na moyo

Ndugu wasikilizaji wa Uvira, Kiliba na Sange, nanyi familia mlioacha nyumba zenu kule nyanda za juu, tuongee juu ya maumivu ya mguu.

Tuseme mzee anatoka Kavimvira kwa miguu kwenda soko la Mulongwe. Njiani shavu la mguu linamkaza, anasimama. Akipumzika, maumivu yanaisha. Akianza kutembea, yanarudi. Nyumbani watasema ni uzee, au amekanyaga dawa ya mtu. Inaweza kuwa mishipa inayopeleka damu miguuni imezibwa na mafuta. Duniani watu zaidi ya milioni 200 wana ugonjwa huo.

Mishipa ya moyo na ya ubongo huzibwa vilevile. Ndiyo maana wengi wa wagonjwa hawa hawauawi na mguu, wanauawa na moyo au kiharusi. Na moyo ukishachoka, damu inafika miguuni kidogo, kidonda kinakataa kupona, na hatari ya kukatwa mguu inaongezeka.

Maoni yangu ni haya. Uvira tumezoea kukimbizana na kipindupindu, na ni haki. Lakini mtu mzima mwenye mguu kama huo asirudishwe na tembe za maumivu tu. Apimwe presha na sukari, aulizwe kama anavuta tumbaku, kama kifua kinambana, kama anakosa pumzi. Kugusa mapigo ya damu juu ya unyayo kunahitaji vidole tu. Mashirika yanayohudumia waliohama yalete kipimo cha presha na dawa zake, maana dawa hizo hazifai kukatishwa.

Nasi tufanye yetu. Tuache tumbaku, tupunguze chumvi. Daktari akikubali, tembea mpaka maumivu yaje, pumzika, endelea tena: inasaidia. Usiukande mguu uliokufa ganzi kwa maji ya moto. Ukilazimika kukimbia, beba dawa zako na karatasi za hospitali pamoja na kitambulisho.

Mguu ukiuma usiku umelala, kidole kikiwa cheusi, au mguu ukipoa ghafla na kuuma sana, usingoje kesho. Nenda hospitali. Na ukifika, mwambie daktari: nipime na moyo.