Deni Lililolipwa na Watoto

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Maneno hayo yalitimia katika habari ya dawa iitwayo dayethilistilbestroli, nasi twaona yafaa kila mfanyakazi aijue.

Dawa hiyo ilitengenezwa Uingereza mwaka 1938 na Edward Charles Dodds na wenzake. Umbile lake la kikemia si la homoni za kike, lakini mwilini hufanya kazi ya homoni ya estrojeni. Utafiti ulilipiwa na umma wa Uingereza, na dawa haikuandikishwa kuwa mali ya mtu au kampuni yoyote. Jambo hilo twalisifu. Lakini mlango ulioachwa wazi kwa wema, wafanya biashara wengi waliuingia kwa tamaa.

Dalili hazikukosekana. Mwaka 1944 iliandikwa Uingereza kwamba wanaume walioitengeneza viwandani waliota matiti. Hata hivyo, mwaka 1947 Marekani iliruhusu wapewe waja wazito ili mimba zisiharibike. Mwaka 1953 madaktari wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza matokeo ya majaribio kwa wanawake wapatao 1,600, wengine wakipewa dawa na wengine vidonge vitupu. Dawa haikuzuia lolote. Je, iliondolewa? La! Waja wazito waliendelea kupewa kwa miaka 18 mingine.

Mwaka 1971 madaktari wa Boston walieleza habari za wanawake vijana wanane wenye saratani ya uke, ugonjwa ulio nadra mno kwa umri wao. Mama saba kati ya wanane walikuwa wamemeza dawa hiyo wakati wa mimba. Mama alimeza kidonge, binti akalipa deni.

Mabinti walipodai haki, makampuni yaliuliza: nani ajua kidonge kilikuwa cha nani? Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Rufani ya jimbo la California iliamua kwamba kampuni isiyoweza kuthibitisha kuwa dawa haikuwa yake ilipe kwa kadiri ya sehemu yake katika soko. Uamuzi huo ulikuwa wa haki.

Hatusemi kemia ni adui. Tamoksifeni, dawa iliyo jamaa ya hiyo kwa umbile, ilitengenezwa Uingereza mwaka 1962, na hadi leo yatibu saratani ya matiti kwa kuizuia estrojeni isifanye kazi yake humo. Elimu ni ileile. Tofauti yatoka kwa wanaoitumia, na kama wanakubali kusikia majaribio yanavyosema.

Kwa hiyo twasema: ushahidi uheshimiwe siku utolewapo, si baada ya watoto kuugua. Mwanamke apewaye kidonge ana haki ya kuuliza nani amekijaribu, na ameona nini. Na anayempa hana budi kumjibu.