Dagaa wa Kazi Gani?
Na Mzee Ndunguru wa Mkumbi

Tangu gazeti la Mambo Leo lilipoanza kuchapwa mwaka 1923 na kuwafungulia malenga wa Tanganyika uwanja wa kujibizana, ni machache mambo ya maisha, makubwa kwa hakiri, yaliyosalimika na vina na mizani. Kwa hiyo sioni haya kuwaletea wasomaji wangu ugomvi ulio hakiri kuliko yote, nao ni ule wa uchu wa chumvi na uchu wa sukari, unaotushika alasiri, chakula cha mchana kimekwisha kushuka na cha usiku hakijatelekwa.

Huku kwetu Mbinga mdai wa kwanza atoka ziwani. Dagaa wa Nyasa, ambao wenyeji wa ufukweni huwaita usipa, huanikwa juani hata wakakauka, kisha hupandishwa milima mpaka Mkumbi. Na aliyekaangwa vizuri hutafunwa mzimamzima, kichwa na mkia, pasipo kungojea ugali wala radhi ya mwenye nyumba. Huyo nimemtungia tathnia, maana uchu ni jambo la ghafula, haustahili utenzi:

Dagaa wa ziwa letu, chumvi ukimtilia,
Akigusa ndimi zetu, halua twaikimbia.

Mpinzani wake ana hoja nzito, na ajabu ni kwamba hoja yenyewe yaota mashambani mwetu. Sisi twalima kahawa ya arabika na kuipeleka kwa watu, lakini adabu ya kuinywa yataka ukajifunze Zanzibar, Mombasa au Lamu, ambako humiminwa kali, bila sukari, katika vikombe vidogo visivyo na mkono, na kando yake kashata ya nazi au ya njugu. Wazee wale, kwa hekima yao, hawauzamishi utamu ndani ya uchungu, bali huuweka jirani, ili kila mmoja umtambulishe mwenziwe. Basi mwenye kashata ajibu:

Kahawa ni chungu mno, dagaa wa kazi gani?
Kashata ipite meno, tamu ishuke moyoni.

Swali hilo lina makali, wala sidhani dagaa analo jibu barazani. Walakini Mkumbi si baraza. Mmatengo wa huku kwetu alimaye ngoro hukata majani, huyalaza kwa miraba katika mteremko, huyafukia kwa udongo, na kila mraba huacha shimo la kunasia maji ya mvua ili mlima usiporomoke. Kazi hiyo, jua likiwa utosini, humtoa mtu jasho, na jasho halitoki peke yake, hutoka na chumvi ya mwili. Huyo akirejea nyumbani hadai anasa, adai haki yake. Ama sukari, hakuikosa kutwa: kiazi kitamu alikula asubuhi, na muwa aliumenya njiani. Kwa hiyo mimi, kadhi nisiyeteuliwa na mtu, nahukumu hivi:

Jasho likinidondoka, sukari hainifai,
Chumvi ndiyo naitaka, kashata mle na chai.

Asiyeridhika na akate rufaa kabla ya toleo la juma lijalo, ila kwa sharti kwamba asiniletee nathari, na kwamba vina vyake vimwelekee Sheikh Amri Abedi, aliyetuwekea sheria za kutunga mashairi katika kitabu chake cha mwaka 1954. Akiambatanisha na kashata, nitazipokea kama ushahidi.