Ofisa wa wageni si pambo la hoteli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu kuhusu kazi ya maofisa uhusiano wa wageni katika hoteli zetu kubwa. Nilifanya kazi ya mapokezi katika hoteli za hapa Arusha kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, hivyo nayasema niliyoyaona.

Watu wengi, wakiwamo baadhi ya mameneja, hudhani kwamba ofisa huyu ni mtu wa kuvaa vizuri, kusimama mlangoni, kutabasamu na kugawa juisi. Kama kazi ingekuwa hiyo tu, kusingekuwa na haja ya kumwajiri mtu aliyesoma.

Kazi yenyewe huanza mgeni hajafika. Ofisa husoma orodha ya watakaoingia siku hiyo, akajua nani ni mzee asiyeweza kupanda ngazi, nani hali karanga kwa sababu zinamdhuru, na nani wako kwenye fungate. Hukagua chumba mwenyewe: maji ya moto yapo? Taa zinawaka? Kwa hapa Arusha kuna la zaidi. Mgeni hushuka uwanja wa Kilimanjaro usiku wa manane, akafika hotelini chumba chake bado kina mtu. Mwingine anaondoka saa 11 alfajiri kwenda Ngorongoro, anataka chakula cha njiani na mahali pa kuacha sanduku mpaka atakaporudi. Mambo haya yasipopangwa mapema, huishia kwenye kelele mapokezi. Na zamu ikibadilika lazima yaandikwe kitabuni, la sivyo mgeni atasimulia shida ile ile kwa watu watatu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba ofisa huyu hubebeshwa malalamiko yote lakini hapewi madaraka yo yote. Bomba likiharibika saa 5 usiku, hana ruhusa ya kumhamisha mgeni. Hana ruhusa ya kumpunguzia bili, wala ya kumpa hata mlo mmoja wa bure. Kinachobaki ni kusema "pole" na kumtafuta meneja aliyekwisha lala. Asubuhi mgeni anaondoka na hasira zake, na anayepewa barua ya onyo ni ofisa yule yule.

Hoteli za Ritz-Carlton zinajulikana duniani kwa utaratibu wa kumruhusu mfanyakazi atumie hadi dola 2,000 za Marekani kumtatulia mgeni mmoja tatizo lake, bila kwanza kumwendea mkubwa wake. Sisemi hoteli zetu zitoe kiasi hicho. Hata shilingi 100,000 na ufunguo wa chumba kilicho wazi vingemaliza mengi usiku ule ule.

Jambo la pili linamhusu mwananchi. Mwaka 2018 nilimsindikiza mjomba wangu kwenye hoteli moja kubwa ambako watoto wake walikuwa wamemlipia siku 2 za mapumziko. Wazungu waliokuwa mbele yetu walikaribishwa kwa juisi. Sisi tuliulizwa, tena kwa Kiingereza, tumekuja kumwona nani. Mzee wa zaidi ya miaka 70 hakupata hata shikamoo! Simlaumu sana binti yule, maana najua hakujitungia. Ndivyo alivyozoezwa na waliomwajiri, kwamba mgeni wa kuangaliwa ni yule aliyetoka ng'ambo. Lakini mwaka 2020, ndege ziliposimama kwa sababu ya korona, baadhi ya hoteli hizi hizi zilimkumbuka mwananchi na kumtangazia bei nafuu. Je, mwananchi ni mgeni wakati wa shida tu?

Serikali imefanya juhudi kubwa kuitangaza nchi yetu. Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alishiriki katika filamu ya The Royal Tour, iliyozinduliwa mwaka 2022, na mwaka 2023 nchi ilipokea watalii wa nje zaidi ya 1,800,000. Juhudi hizo zaweza kuharibiwa na usiku mmoja wa mgeni kukosa maji na kukosa mtu mwenye uwezo wa kumsaidia.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, wenye hoteli wawape maofisa hawa madaraka kwa maandishi, yenye kiwango cha fedha kinachojulikana, na asiadhibiwe aliyeyatumia kwa nia njema. Pili, Chuo cha Taifa cha Utalii na vyuo vingine vitilie mkazo utatuzi wa malalamiko, pamoja na namna ya kumkaribisha Mtanzania kwa lugha na heshima yake. Tatu, wakaguzi wanaozipanga hoteli kwa nyota wasitazame mabwawa ya kuogelea na mashuka peke yake. Wamwulize ofisa wa zamu ya usiku: bomba likipasuka sasa hivi, wewe unaruhusiwa kufanya nini?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika hoteli, mwenyeji ni ofisa huyu. Mwenyeji asiye na sauti nyumbani mwake hawezi kumkirimu mtu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mstaafu wa Mapokezi,
Arusha.