Diski Pacha Ni Kinga, Lakini Si Akiba

Hakuna mwalimu asiyejua uzito wa alama za mwanafunzi. Tangu mtaala wa umilisi uanze kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, tathmini haingoji mtihani wa mwisho. Alama hukusanywa muhula baada ya muhula, na aghalabu hukaa katika tarakilishi ya mwalimu nyumbani kwake. Hapa Kangema, kwenye miteremko ya Nyandarua, tarakilishi hizo hutegemea umeme usiotabirika msimu wa masika. Nauliza basi: diski iliyomo ndani ikifa, tutamweleza nini mzazi?

Diski ngumu huchakaa kama chombo kingine chochote. Zile zenye sahani huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani bila kuzigusa. Hata zile mpya zisizo na sahani zina mwisho wake. Zote zaweza kufa bila kubisha hodi.

Dawa ya maradhi haya imejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha makala iliyoeleza jinsi diski nyingi za bei nafuu zinavyoweza kufanya kazi pamoja hata moja yao ikiharibika. Mpango ulio sahili zaidi ni ule wa diski pacha: kila kinachoandikwa katika diski ya kwanza huandikwa papo hapo katika ya pili, mithili ya sura na taswira yake kiooni. Moja ikifa, nyingine huendelea na kazi. Mwenyewe hutia diski mpya, nayo tarakilishi hunakili upya yote yaliyokuwamo.

Jambo hili si la mabenki peke yao. Windows imekuwa na uwezo huo kwa watumiaji wa nyumbani tangu toleo la 8 la mwaka 2012, na Linux ina programu ya mdadm isiyolipiwa. Gharama kubwa ni diski ya pili, kwani diski mbili za terabaiti 1 humpa mtu nafasi ya terabaiti 1 tu. Anayeanza na atoe kwanza nakala ya kazi zake, maana kuziunganisha diski kwa kawaida hufuta yaliyomo.

Hata hivyo, sikubaliani kabisa na mafundi wanaomwambia mwalimu kwamba akishafungiwa diski pacha amemaliza. Kioo hakichagui cha kuonyesha. Mwalimu akifuta orodha ya darasa kwa bahati mbaya, hufutika kotekote mara moja. Virusi vikivamia, huvamia zote mbili. Mwizi akibeba sanduku, amebeba pacha wote. Na umeme je? Tarehe 7 Juni 2016, tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na nchi nzima ikaingia gizani. Umeme ukikatika ghafla kazi ikiendelea kuandikwa, faili zaweza kuharibika katika diski zote mbili. Betri ndogo ya akiba ni ya lazima.

Tuzingatie yaliyoipata kampuni ya Pixar ya Marekani mwaka 1998. Amri moja iliyokosewa ilifuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2, na nakala za ofisini zikapatikana na kasoro. Filamu iliokolewa na nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mfanyakazi aliyekuwa akifanyia kazi huko baada ya kujifungua. Kilichofaa ni nakala iliyokaa mbali.

Wapo watakaosema kwamba hifadhi ya intaneti yatosha. Ni njia njema, lakini bando hugharimu pesa, na mtandao haushiki kila mahali vijijini. Rai yangu ni kwamba mwalimu awe na diski pacha ili kazi isisimame, kisha awe na diski nyingine ya nje anayoijaza kila wiki na kuichomoa. Ya nyumbani ihifadhiwe shuleni, na ya shuleni nyumbani. Ifungwe kwa nywila, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawahusu wanafunzi wetu pia. Kila muhula, ajaribu kurejesha faili kadhaa, kwani nakala isiyojaribiwa haiaminiki.

Nanyi wanafunzi wa somo la kompyuta, kazi hii mnaimudu. Jitoleeni kuwasaidia walimu wenu. Walimu wakuu nao waitengee diski hiyo fedha kama wanavyozitengea chaki na karatasi. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe laweza kupotea, na atakayeumia ni mtoto asiyejua hata diski ni nini.