Themostati ya Pampu ya Joto: Herufi Kwanza, Rangi Baadaye



Kila yanapokaribia majira ya baridi huko kaskazini, familia zenye watoto na jamaa ughaibuni hutuletea malalamiko ya namna moja: bili ya umeme imekula mshahara, na fedha iliyokuwa ije nyumbani kwa ajili ya ada na dawa haikuja. Juma hili tumeona tulishike jambo hili pale linapoanzia, nalo ni kile kijisanduku cha ukutani kiitwacho themostati.

Tunawalenga zaidi ndugu zetu wa Kentucky, Tennessee na North Carolina, nchini Marekani. Miji ya Louisville na Lexington ina familia nyingi zizungumzazo Kiswahili, nyingi kati yao asili yake ni mashariki ya Kongo, na nyumba nyingi za upande huo hupata joto lake kutoka kwenye pampu ya joto. Aliyenunua nyumba huko na kukuta themostati iliyochoka hujiuliza kama aweza kufunga mpya kwa mkono wake badala ya kumlipa fundi. Aweza, akiwa na subira na bisibisi ndogo. Lakini tunamtahadharisha mapema kuwa kufunga nyaya ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mipangilio, na huko ndiko fedha zinakopotelea.

Mashine yenyewe si ngeni kwetu. Sisi wa Dar es Salaam, Mombasa au Muscat tunaijua kwa sura ya kiyoyozi: huchukua joto la chumbani na kulitupa nje, na apitaye nyuma ya nyumba hupigwa usoni na hewa ya moto. Pampu ya joto ni kiyoyozi kilichoongezewa vali ya kugeuza mwendo wa gesi, ili wakati wa baridi kichukue joto la nje na kuliingiza ndani. Msomaji atauliza, joto gani hilo litakalopatikana nje hali maji yameganda? Lipo. Gesi inayopita katika mabomba ya nje huwa baridi kuliko hata hewa hiyo, na joto daima hukimbilia palipo baridi zaidi. Kwa kuwa pampu haizalishi joto bali hulihamisha, uniti moja ya umeme huweza kuleta joto la uniti tatu siku ambayo baridi si kali. Koili ya umeme, kama ile ya heta ya maji, hutoa moja kwa moja, haizidishi.

Tatizo ni kwamba ndani ya mashine hiyo hiyo mara nyingi zimo pia koili, za kilowati 5, 10 hata 15, ziitwazo joto la nyongeza. Themostati ndiyo iamuayo lini pampu ifanye kazi peke yake na lini koili ziamke. Ikielekezwa vibaya, koili hazilali.

Tuje kwenye nyaya. Kabla ya yote, fungua kifuniko cha themostati ya zamani utazame. Ukikuta nyaya nyembamba za rangi mbalimbali, kila mmoja umebanwa penye herufi yake, huo ni umeme wa volti 24 na makala hii yakuhusu. Ukikuta nyaya mbili au nne nene zilizofungwa kwa vifuniko vya plastiki, simama hapo hapo. Huo ni umeme wa volti 120 au 240 wa heta za ukutani, na themostati ya pampu ikiungwa nao itaungua, pengine pamoja na nyumba.

Zima breka, nazo kwa kawaida ni mbili: moja ya mashine ya ndani, nyingine ya mashine ya nje. Usitosheke kwa kuona kioo cha themostati kimezimika, wala usihofu kikibaki kinawaka, kwani baadhi hutumia betri. Volti 24 haziui mtu. Lakini waya wa R ukigusana na wa C wakati umeme upo, hukata fyuzi ndogo ya ampea 3 au 5 iliyo kwenye mashine ya ndani, na pasipo fyuzi huiunguza transfoma. Nyumba yenye mtoto mchanga ikikosa joto usiku wa Januari kwa sababu ya kosa la sekunde moja, hilo si jambo dogo.

Kisha piga picha. Tunalisisitiza hili kuliko jingine lolote: kabla ya kulegeza hata skrubu moja, piga picha iliyo wazi, kila waya na herufi yake vionekane, kisha vika kila waya karatasi yenye herufi ile ile. Watu wengi huamini rangi. Husema mwekundu ni R, wa manjano ni Y, wa kijani ni G, wa machungwa ni O, na mara nyingi huwa hivyo kweli. Lakini hakuna kinachomlazimisha fundi aliyepita kabla yako. Aliyeishiwa waya wa buluu alitumia mweusi, akaondoka zake. Fuata herufi iliyopo penye skrubu.

Herufi zenyewe si nyingi. R huleta umeme kutoka kwenye transfoma, na C huurejesha. Y huiamsha kompresa, G feni ya ndani. W2 au AUX huwasha koili za nyongeza, na E ni ya joto la dharura. Inabaki herufi moja ambayo ndiyo huwatoa watu jasho, O au B, inayoamuru ile vali ya kugeuza mwendo wa gesi. Kwenye mashine nyingi vali hupewa umeme wakati wa kupoza. Hiyo ni O. Kwenye nyingine, kama za Rheem na Ruud, hupewa wakati wa kupasha joto. Hiyo ni B. Themostati mpya nyingi zina tundu moja lililoandikwa O/B, na uchaguzi hufanywa baadaye kwenye mipangilio. Na kuna mtego: katika baadhi ya mashine za zamani, B ni waya wa kurejesha umeme, yaani C kwa jina jingine. Ukiona nyumbani kwako kuna O na B kwa pamoja, na C haipo, usiunge kitu mpaka umeufuatilia waya huo hadi kwenye mashine ya ndani au umeuliza anayejua.

Themostati za kisasa zenye intaneti huhitaji C. Ikikosekana, chungulia ndani ya ukuta. Mara nyingi kuna waya wa akiba uliokunjwa nyuma, ila lazima uungwe pia upande wa pili, kwenye C ya mashine ya ndani. Na lile tundu la ukutani liziwe vizuri. Hewa baridi inayovuja kutoka ndani ya ukuta huidanganya themostati, ikadhani chumba kizima ni baridi.

Baada ya kurudisha umeme, themostati itauliza aina ya mfumo. Jibu ni pampu ya joto, si tanuru. Ikiuliza O au B, jibu kwa kufuata mashine yako. Kisha ijaribu: panda nyuzi moja au mbili tu juu ya joto la chumba, ngoja hadi dakika tano, kwani kompresa hucheleweshwa kwa makusudi, halafu toka nje. Mashine ya nje inapopasha nyumba joto hupuliza hewa iliyo baridi kuliko ya mazingira, na bomba lake nene la shaba huwa la moto. Liguse kwa tahadhari. Ukikuta kinyume chake, O/B imechaguliwa vibaya, na dawa yake ni kuibadili kwenye mipangilio tu.

Kosa hili halijitangazi, ndiyo maana tunalikalia. Pampu iliyogeuzwa hupoza nyumba, joto la chumba hushuka, koili nazo huamka kuipasha. Viwili hivyo hushindana mchana na usiku ndani ya bomba moja la hewa. Wenye nyumba huhisi uvuguvugu na kudhani mambo ni sawa, hadi bili ifike.

Lingine ni la alfajiri. Familia nyingi hushusha joto sana usiku kwa nia njema ya kubana matumizi, kisha anayeamka kwa ajili ya Swala, au kwa daku pale Ramadhani inapoangukia majira ya baridi, hulipandisha kwa mkupuo, tuseme kutoka nyuzi 60 hadi 70 za Fahrenheit. Kwa tanuru la gesi hakuna ubaya. Kwa pampu, themostati huiona tofauti hiyo kuwa kubwa mno na kuziita koili. Koili za kilowati 10 zikiwaka saa nzima ni uniti 10. Pampu peke yake ingeleta joto hilo hilo kwa uniti nne au tano hivi, hata asubuhi ya baridi. Kwa hiyo ni bora kubaki karibu na nyuzi 68, ambazo ni 20 za Selsiasi, na kushusha usiku nyuzi mbili au tatu tu, au kuipanga themostati ianze kupanda taratibu saa moja na nusu kabla ya adhana.

Tena, EM si kitufe cha siku za theluji. Huzima kompresa kabisa na kuziachia koili kazi yote. Ni cha siku mashine ya nje imekufa na fundi hajafika. Hewa ya pampu kuwa vuguvugu si ugonjwa, wala mashine ya nje kufuka mvuke kwa dakika chache. Huyeyusha barafu iliyoishika.

Mpangaji asiguse kitu bila ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba, na kifaa cha zamani akihifadhi, kwani ni mali ya mtu. Fundi aitwe pale pampu inaposhirikiana na tanuru la gesi, au nyaya zinapokuwa na alama 1, 2, 3, 4 badala ya herufi tulizozitaja, au zinapokatika ukizishika. Na themostati kuukuu ikiwa na kichupa cha kioo chenye tone la fedha linalocheza, hiyo ni zebaki. Isitupwe takataka wala isiachwe mikononi mwa watoto; ipelekwe kituo cha halmashauri kinachopokea taka za hatari, ikiwa imefungwa wima ndani ya mfuko wa plastiki.