Elimu Isiyokuwa na Wazee

Mtu wa pwani akitajiwa ziwa, aghalabu huwaza maji yaliyotulia, yanayovukwa kwa ngalawa kabla ya adhuhuri. Ziwa Michigan, lililo kaskazini mwa Marekani, si maji ya namna hiyo. Eneo lake ni kiasi cha kilomita za mraba 58,000, dogo kidogo kuliko Ziwa Viktoria, lakini kina chake hufika mita 281, ilhali Viktoria haifiki hata mita 100. Maji yake hayana chumvi, hayajai wala hayapwi kama ya bahari yetu, na ng'ambo haionekani. Upepo ukichafuka, mawimbi yake huzamisha meli. Humo huishi samoni, na juu yake wapo watu waliojifunza kumvua samaki huyo kwa namna ambayo sisi twaona inastahiki kusimuliwa kwa wasomaji wetu, hasa wale ambao riziki ya nyumba zao hutoka majini.

Samoni si mwenyeji wa ziwa hilo. Mwenyeji alikuwa trauti wa ziwani, samaki mkubwa aliyevuliwa kupita kiasi, kisha akamalizwa na lamprei, mnyonyaji damu mwenye umbo la mkunga aliyepenya kutoka baharini kwa njia ya mifereji iliyochimbwa kwa ajili ya meli. Kufikia miaka ya 1950 trauti alikuwa ametoweka. Akaingia kwa njia ile ile kidagaa kiitwacho elwaifu, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumla, akazaana pasipo kipimo. Mwaka 1967 elwaifu walikufa kwa mamilioni, wakarundikana ufuoni hata Chicago, na harufu yao ikawafukuza watu pwani.

Mwaka mmoja kabla ya uvundo huo, wataalamu wawili wa idara ya uhifadhi ya jimbo la Michigan, Howard Tanner na Wayne Tody, walikwisha kuchukua hatua. Walipata mayai ya samoni aina ya koho kutoka Oregon, kando ya Bahari ya Pasifiki, wakayaangua, na katika majira ya kuchipua ya 1966 wakawaachia vifaranga katika mto Platte na kijito cha Bear Creek. Mwaka uliofuata wakaongeza jamaa yake mkubwa zaidi, chinuki. Kufikia vuli ya 1967 wale koho walikuwa wamekula elwaifu wakanenepa, nao wakaanza kurejea mitoni kuzaa. Habari zikaenea, na watu wakaja kwa maelfu.

Hapa ndipo penye jambo lililotuvuta kuandika. Kwetu Lamu, Shimoni au Kipini, kijana anayeingia baharini hurithi elimu iliyokwisha kupimwa na vizazi: majira ya kaskazi na kusi, bamvua na maji mafu, miamba ya changu na njia za nguru. Anaweza kuwa mvivu wa kujifunza, lakini mwalimu hakosi. Kule Michigan wenyeji wa asili, Waanishinaabe, walikuwa wamevua ziwa hilo karne nyingi, na maarifa yao juu ya samaki wa pale yalikuwa mapana. Lakini samoni wa ziwani hapakuwa na babu aliyemjua. Baba na mwanawe walianza darasa siku moja.

Ujinga huo ulikuwa na gharama yake. Tarehe 23 Septemba 1967, boti ndogo kwa mamia zilikuwa ziwani karibu na mto Platte, nyingi zikiwa vyombo vya kufaa vijiziwa vya bara. Tahadhari ya upepo ilikuwa imetolewa, lakini tamaa ya samaki ilikuwa kubwa kuliko hofu. Dhoruba ikapiga, wengine wakapinduka walipokuwa wakijaribu kutia nanga ufuoni penye mawimbi, na watu saba wakafa. Baada ya msiba huo, swali la nani aliye nje, wapi, na upepo unageukia wapi, halikuweza kuwa siri ya mtu mmoja.

Elimu yenyewe ilijengwa kipande kwa kipande. Samoni hupenda maji ya baridi, kama nyuzi 12 hivi za Selsiasi. Katikati ya kiangazi maji ya juu hupita nyuzi 20, kwa hiyo samaki hushuka chini, na mvuvi hana budi kujua mpaka wa joto na baridi uko futi ngapi. Mpaka huo hauketi mahali pamoja. Upepo ukivuma siku mbili tatu kutoka nchi kavu kwenda ziwani, husukuma mbali maji ya moto, na yale ya baridi huibuka karibu na ufuo pamoja na samoni wake. Ukigeuka, yote hubadilika usiku mmoja.

Kumfikia samaki aliye chini hivyo kulihitaji zana. Wasomaji wa Malindi na Watamu wanafahamu uvuvi wa kukokota, ambapo mishipi hufuata nyuma ya boti kwa ajili ya sulisuli au nguru. Wavuvi wa samoni nao hukokota, ila kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, na mshipi wao huteremshwa kwa mtambo uitwao daunriga: roda yenye waya mwembamba wa chuma, na mwishoni mwake chubwi zito la kilo nne hadi sita. Mshipi hubanwa karibu na chubwi kwa kibanio chepesi. Samaki akidaka chambo, kibanio huachia, na mvuvi hubaki akipambana na samaki peke yake pasipo uzito ule. Wengine hutumia mshipi wenye risasi ndani yake, uliotiwa rangi inayobadilika kila baada ya mita tisa hivi. Basi mtu akisema ametoa “rangi tano”, hata mtoto botini hujua kina anachokikusudia.

Kwa lugha hiyo fupi wavuvi husemezana kwa redio za vyomboni tangu alfajiri. Futi themanini, kijiko cha kijani na fedha, tunaelekea kaskazini: maneno hayo machache yaweza kumwokolea jirani saa nzima. Hata upande wa kuelekea una maana, kwa kuwa mikondo ya chini hubadili mwendo wa chambo, na samaki waliokikataa boti ikienda kusini huenda wakakidaka ikigeuka. Mvuvi mwenye mishipi sita huona sehemu ndogo ya ziwa. Boti ishirini zinazosema kweli huona kubwa zaidi. Tena habari ya leo kesho imekwisha kuchacha, basi kuificha kuna faida gani? Tusiwafanye malaika, hata hivyo. Siku za mashindano redio hunyamaza, au husema kwa mafumbo. Na yule anayesikiliza kila asubuhi asitoe neno lake hata moja hujulikana haraka, nasi hatudhani kwamba watu wa mwambao wanahitaji kuelezwa anavyotazamwa.

Darasa la pili hufanyika nchi kavu. Katika bandari kama Ludington zipo meza za pamoja za kupasulia samaki, zenye maji ya bomba, na hapo mgeni husimama bega kwa bega na mkongwe. Mkongwe hupasua tumbo la samaki kuona alikula nini, kisha humwonyesha kijana namna ya kuondoa ngozi na mafuta ya tumboni na mgongoni, kwa sababu sumu za viwandani zilizoingia ziwani zamani hukaa katika mafuta. Mwaka 1969 serikali ya Marekani ilikamata shehena ya koho wa ziwa hilo kwa ajili ya sumu ya DDT. Jambo hili la kuwalisha watoto kilicho salama, kwetu sisi, lina uzito kuliko habari zote za vijiko na rangi.

Meza hizo zilikuwa pia mahali pa kuona dalili. Katika Ziwa Huron, jirani wa Michigan, elwaifu waliporomoka mwaka 2003 na 2004, na chinuki wakawafuata. Bandari zilizoishi kwa wageni wa samoni zikabaki kimya. Wavuvi wa Michigan wakawa na sababu ya kutazama kwa makini unene wa samaki wao na matumbo yaliyo matupu. Mwaka 2013 idadi ya vifaranga vya chinuki vinavyopandikizwa Ziwa Michigan ilipunguzwa kwa takriban nusu, ili chakula kilichosalia kiwatoshe walio majini. Si wavuvi wote walioridhia, wala si ajabu. Ni vigumu kumwambia mtu kwamba samaki wachache leo ni kwa manufaa yake.

Walichoendelea kukubaliana ni kutoa vichwa. Samaki wengi wanaopandikizwa hukatwa pezi dogo la mgongoni lililo karibu na mkia, na puani hutiwa kipande cha waya cha urefu wa milimita moja hivi chenye namba ya asili yao. Mvuvi akimpata samaki asiye na pezi hilo, hukata kichwa na kukipeleka penye friza ya kukusanyia, pamoja na karatasi ya tarehe, mahali na urefu. Kwa vichwa hivyo imefahamika kwamba chinuki wengi wa Ziwa Michigan sasa huzaliwa wenyewe mitoni, na kwamba baadhi ya waliopandwa Huron, walipokosa chakula kwao, walipita mlango wa maji wa Mackinac wakaja kula Michigan. Mvuvi aliyekileta kichwa naye huweza kupelekewa jibu: samaki wake alitoka wapi, na aliachiwa majini mwaka gani.