Sukari Imepimwa, Mgonjwa Hakuulizwa

Mwenye kisukari hukaa na daktari dakika chache, kisha hukaa na ugonjwa wake usiku na mchana mpaka tarehe ya kurudi. Katika dakika zile hutobolewa kidole, tone la damu hutiwa katika kipimo, na nambari huandikwa kitabuni. Nambari ikiwa nzuri husifiwa. Ikiwa mbaya hukaripiwa. Hayo ndiyo yaitwayo matibabu katika zahanati nyingi, nami nasema kuwa ni nusu ya matibabu.

Sina ugomvi na kipimo. Kabla insulini haijapatikana mjini Toronto mwaka 1921, mtoto aliyeshikwa na kisukari cha aina ya kwanza alikuwa kama aliyekwisha kuhukumiwa kufa. Hata leo sukari ikizidi kwa miaka mingi huharibu macho, figo na mishipa ya miguu. Apimaye sukari afanya jambo jema. Kosa ni kudhani kuwa aliyeijua sukari amekwisha kumjua mwenye sukari.

Tutazame Kulamawe, kituo cha wafugaji katika Kaunti ya Isiolo, kando ya barabara iendayo Modogashe. Nchi ni kavu, na jua lake halina huruma. Wakazi wengi ni Waborana, dini yao Uislamu, mali yao mbuzi, ng'ombe na ngamia. Tuseme yuko huko mchungaji adungaye insulini. Chupa isiyofunguliwa yataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na iliyofunguliwa haitakiwi kukaa penye joto lipitalo nyuzi 30 hivi. Yeye hana jokofu. Ana chungu na mchanga uliolowa maji. Sukari ikishuka chini ya 4 naye yuko malishoni peke yake, hutetemeka, hutoka jasho, akili humruka, na aweza kuanguka asijulikane alipo mpaka mifugo irudi bila yeye. Kwa sababu hiyo hupunguza dawa. Afikapo zahanati nambari ni 15, naye huambiwa kuwa amekula vitamu. Hakula vitamu, aliogopa. Lakini kitabu hakina mahali pa kuandika hofu. Na ukija mwezi wa Ramadhani huenda akafunga kwa siri, kwa kuwa ajua atakatazwa kabla hajasikilizwa.

Wenye elimu walikwisha kuliona pengo hili. Mwaka 1995 wataalamu wa Boston, Marekani, walitoa orodha ya maswali 20 juu ya mambo yamsumbuayo mwenye kisukari: hofu ya sukari kushuka, uchungu wa kunyimwa vyakula, kujilaumu, kujiona ameachwa peke yake. Mwaka 1998 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ikatoa maswali 5 tu. Mtu huulizwa kama katika majuma 2 yaliyopita alikuwa mchangamfu, mtulivu, mwenye nguvu. Kama aliamka amepumzika. Na kama siku zake zilikuwa na mambo ya kumpendeza. Kila jibu lina alama 0 mpaka 5, na jumla huzidishwa mara 4 ili kupata hesabu juu ya 100. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la nne! Ikiwa jumla ni 50 au chini yake, pana sababu ya kuchunguza zaidi.

Wako wasemao kuwa nafasi haipo, foleni ni ndefu. Maswali 5 huchukua muda mfupi kuliko karipio. Wako wasemao kuwa wazee wa huko hawajui kusoma. Je, nani aliyesema lazima wasome? Maswali husomwa kwa sauti. Hoja ya lugha ni nzito zaidi, maana kwa mzee wa Kiborana Kiswahili huenda kikawa lugha ya sokoni tu, na neno la moyoni likifasiriwa ovyo hugeuka jambo jingine. Basi maswali na yatiwe katika Kiborana na watu wakijuao, yajaribiwe kwa wazee, kisha ndipo yatumiwe. Septemba 2023 serikali ya Kenya iliwatuma wahamasishaji wa afya ya jamii na mikoba yenye vipimo vya sukari. Karatasi moja ya maswali haitauongezea mkoba uzito.

Ninalo onyo moja. Kumwuliza mtu habari ya dhiki yake kisha kufunga daftari ni kumdhihaki, afadhali asiulizwe. Wala alama hizo zisifanywe mashindano ya zahanati na zahanati, kwani siku ile wagonjwa watafundishwa kujibu kuwa hawajambo.

Ninyi wanafunzi, wengi wenu huwapeleka bibi na babu zenu kliniki na kuwa wakalimani wao. Msifasiri nambari peke yake. Mwambieni daktari kuwa mzee ana neno, kisha mnyamaze aseme. Mchungaji wetu akipewa nafasi ya kusema kuwa aogopa kuanguka, kipimo cha dawa chaweza kupangwa upya kwa siku za malishoni, akafundishwa dalili za mwanzo, akachukua sukari kidogo katika mfuko wa shati, na kijana wa boma akajua la kufanya akimkuta amelala njiani.